Usimuahidi mtoto kama hutarudi

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu wazaliwa wa Masisi na Walikale, mwanzo wa vakansi kubwa. Juu ya usalama wa waliokuwepo, mahali na majina hatuyataji.

  Najua wengine mmetembea mbali, na najua kila mmoja hapa ameacha kazi fulani ya kutafuta chakula ili asikilize maneno.

Mniruhusu nijitambulishe bila jina. Mimi ni mzaliwa wa Masisi, niko na miaka 25, niko na lisanse ndani ya bahasha ya plastiki, na niko mu shomaje. Mnacheka kwa sababu ile bahasha mnaijua. Nimeitembeza ku ma biro mpaka pembe zake zimepasuka. Kwa hiyo sikuja hapa kama mtu aliyefaulu anayekuja kushauri wengine. Nimekuja kama mtu aliyefanya kazi moja bila kulipwa, akaifanya vizuri kidogo, akaifanya vibaya pia, na anataka nyinyi muifanye vizuri kumpita.

Kazi yenyewe ni hii: mwanafunzi wa chuo kikuu anashika mkono wa mtoto wa shule, anamsindikiza mu masomo yake, mwaka mzima au vakansi nzima. Wengine wanaita mlezi, wengine wanaita msindikizaji. Watoto wenyewe wanasema tu "yaya". Nitatumia lile la watoto.

Nianze na mtoto mmoja.

Mnakumbuka mwisho wa mwezi wa kwanza 2023, wakati M23 ilikamata Kitshanga. Watu walishuka kwa miguu mpaka Sake, kisha Goma. Wengi wao walifikia Bulengo, juu ya yale mawe meusi ya volkano, ndani ya vihema ambavyo ukisimama kichwa kinagusa shitingi. Mimi na wenzangu sita, wote tumetoka kumaliza chuo kikuu ao tuko mwaka wa mwisho, tulisema: hatuna unga wa kugawa, hatuna dawa, lakini tunajua kusoma. Tukaanza kukusanya watoto siku ya posho, yaani Jumamosi, kando ya hema la mama mmoja aliyetukubalia.

Kulikuwa kijana mmoja wa miaka 12. Alisema yuko kalasi ya tano. Nikampa kitabu cha Kifaransa, akasoma mstari mzima kwa sauti, haraka, bila kukosea. Nikafurahi. Nikamuuliza maana yake ni nini. Kimya. Nikageuza ukurasa, nikamuonyesha mstari mwingine ambao hajawahi kuuona. Hakuweza kusoma hata neno moja. Njo nikaelewa: ule mstari wa kwanza alikuwa ameushika kwa kichwa, kama wimbo, kwa kusikia wenzake wakirudilia nyuma ya mwalimu. Miaka mitano ya shule, na herufi zenyewe bado zilikuwa zimemfungia mlango.

Hakuwa mjinga. Mjinga hawezi kushika ukurasa mzima kwa kichwa. Alikuwa ametumia akili yake yote kuficha kwamba hajui kusoma.

Tulianza mwanzo, kwa Kiswahili. Ba, be, bi, bo, bu. Kisha nikamwambia: nieleze kitu cha kwenu. Akasema: "Kwetu tulikuwa na ng'ombe nne." Nikaandika vile alivyosema, ndani ya kaye yake, kwa herufi kubwa. Nikamwambia: sasa soma. Aliposoma yale maneno na kutambua kwamba ni yake mwenyewe, aliniangalia kama mtu aliyefanyiwa mazingaombwe. Wiki iliyofuata tulihesabu kwa zile ng'ombe nne. Wakizaa wawili, wakiibiwa watatu, wanabaki wangapi? Kuhusu kuibiwa, hakuhitaji maelezo. Miezi minne baadaye alikuwa anasoma. Polepole, kidole juu ya mstari, lakini anasoma.

Sasa sehemu ambayo sijivunii. Nilipata kazi ndogo ya kuuliza watu maswali ya uchunguzi, wiki tatu, malipo kidogo. Nilikuwa na deni la nyumba. Nikaenda. Sikuaga mtu. Nilijiambia: ni posho tatu tu, wenzangu wako pale. Niliporudi, yule kijana hakuwepo. Nikamtafuta, nikamkuta anapasua mawe na mama yake pembeni ya barabara, nyundo mkononi. Nikamuuliza: mbona umeacha? Akanijibu bila hasira: "Yaya, nilifikiri na wewe umeenda."

Na wewe. Hayo maneno mawili yalinikaa rohoni. Baba yake alikuwa ameenda na hakurudi. Mwalimu wake wa Kitshanga, kila mtu alikimbia njia yake. Jirani, rafiki, ng'ombe, wote wameenda. Akaniweka ndani ya ile orodha, na alikuwa na haki.

Alirudi kusoma. Mimi sikukosa tena, hata siku moja ya mvua. Halafu ikaja mwezi wa kwanza 2025, Goma ikaanguka, na mwezi wa pili watu wakaambiwa waondoke mu kambi. Mu siku chache Bulengo ikabaki mawe matupu na vipande vya shitingi. Mara hii sikuwa mimi niliyeondoka, lakini kwa mtoto, utengano ni utengano.

Miezi ilipita. Siku moja mama yake alinipigia simu kwa namba ya mtu. Walirudi upande wa kwao. Shule ya pale haina bati, mabenchi yalichomwa kama kuni. Nikauliza habari za kijana. Akasema siku zingine anaenda kubeba mizigo ya machimbo. Halafu akasema neno lingine: jioni anamkalisha mdogo wake chini, anaandika na kaa juu ya ubao, "ba, be, bi, bo, bu."

Wandugu, nimewapa habari yote, nzuri na mbaya, kwa sababu sitaki mtoke hapa na uongo. Yaya mmoja hawezi kuzuia vita. Hawezi kufunga njia ya kwenda Rubaya. Alichoweza ni kuhakikisha kwamba yule mtoto, akifika hata huko, anajua kusoma, na kwamba mdogo wake hataanza kwenye sifuri. Ni kidogo. Lakini mimi sijaona kitu kingine nilichofanya na diploma yangu ambacho kimefika mbali hivyo.

Tuangalie sasa kwa nini watoto wetu wanafikia hapo. Si kwa sababu wazazi hawapendi shule. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya Leta ni ya lazima na ni ya bure. Tangu mwezi wa tisa 2019 Leta ilianza kutekeleza ile bure kwa inchi nzima. Watoto wengi waliingia, na hilo ni jambo kubwa, tusilidharau. Lakini vyumba havikuongezeka kama watoto, na walimu wengi wako pale bila kulipwa na Leta, hawajawa mekanize, wanaishi na ahadi. Mimi mwenyewe nimeingia mu kalasi moja nikahesabu watoto 94, mwalimu mmoja. Mwalimu wa watoto 94 hawezi kujua nani anasoma na nani anaimba. Msimlaumu. Hata wewe, hata mimi, hatungeweza.

Ongeza lugha. Mtoto wa Masisi anaamka na Kihunde ao Kinyarwanda. Wa Walikale anaamka na Kinyanga ao Kikano. Sokoni anasema Kiswahili. Halafu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi unamngoja kwa Kifaransa. Sheria ya elimu ya mwezi wa pili 2014 inaruhusu mtoto aanze masomo kwa lugha ya taifa, na Kiswahili ni moja ya zile 4. Lakini vitabu viko wapi? Mtoto anaruka toka lugha moja kwenda nyingine kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, na jiwe moja likikosekana anaanguka ndani. Sisi tuliokaa hapa tulivuka ule mto. Tunakumbuka ni jiwe gani lilikuwa linateleza. Hiyo njo elimu tuliyo nayo ambayo mgeni mwenye gari ya ofisi hana.

Na tuseme juu ya Walikale peke yake, kwa sababu mara nyingi tunasema "Masisi na Walikale" halafu tunazungumza Masisi tu. Walikale ni teritware kubwa kupita zote za Kivu ya Kaskazini, na sehemu kubwa ni pori. Kuko watoto wanaotembea masaa mu njia ya pori kufika shule. Kuko Ndjingala na njia ya kwenda Bisie, ambapo tangu miaka ya 2000 kasiterite ilivuta vijana wetu kuacha kalasi. Mtoto wa kalasi ya sita anaona mkubwa wake anarudi na redio na viatu vipya, na anamwona mwalimu wake na suruali ile ile tangu mwaka jana. Hesabu anaifanya mwenyewe. Na mwezi wa tatu 2025, vita ilipofika mpaka Walikale-centre, hata wale walioshikilia kusoma walikimbilia pori.

Mtoto kama huyu hajawahi kuona kwa macho yake mtu wa kijiji chake aliyesoma mpaka mwisho. Anasikia tu kwamba wako. Wako Goma, wako Bukavu, wako Kisangani, na hawarudi. Tujiulize bila kuoneana haya: sisi hapa, nani alirudi kwao vakansi iliyopita akakaa zaidi ya wiki moja? Wengine barabara iliwazuia, naelewa. Lakini wengine tulikaa mjini tukingoja kazi ambayo haikuja.

Sasa tuseme yaya ni nani na si nani.

Yaya si repetitere. Kazi ya repetitere tunaijua wote: unaenda ku nyumba ya mwenye pesa, unamfundisha mtoto wake jioni, mwisho wa mwezi unapewa kitu. Ni kazi ya heshima, mimi pia nimeifanya, imenilisha. Lakini inamfikia mtoto ambaye baba anaweza kulipa.

Yaya si mwalimu. Hachukui nafasi ya mwalimu, hamsemi vibaya mbele ya watoto, na kabla ya kuanza anaenda kumsalimia mwalimu na direktere, anawaeleza. Mwalimu akikuona kama adui, mtoto ndiye ataumia.

Yaya si shirika. Haandiki majina ya watu ili wangoje msaada. Nyinyi mnajua kwetu ukitoa kaye na biki ukaanza kuandika majina, mstari unapangika, watu wanafikiri unga utakuja. Mwambie mzazi siku ya kwanza: mama, sina kitu cha kukugawia, niko na saa mbili kwa wiki kwa ajili ya mtoto wako. Kuko mama atakayekuangalia na kuondoka. Kuko mwingine atakayekuletea mtoto.

Kazi inafanywaje? Nitawapa yale tuliyojifunza, mengine kwa makosa.

Moja: watoto watano, si hamsini. Ukichukua hamsini umefungua kalasi nyingine ya watoto 94.

Mbili: usiwapange kwa umri wala kwa kalasi, uwapange kwa kile wanachojua. Kule India kuko shirika linaitwa Pratham, lilianza mu Mumbai miaka ya 1990, na njia yao njo hiyo: wanampima mtoto kama anajua herufi, neno, ao hadithi fupi, halafu wanamuweka na wenzake wa kiwango kile. Wanaofundisha mara nyingi ni vijana wa kujitolea wa kijiji kile kile. Haihitaji mashini. Inahitaji ukurasa mmoja na dakika chache kwa kila mtoto. Kijana wa miaka 12 akikaa na wa miaka 8, mwanzoni ataona haya. Mpe kazi ya kumsaidia yule mdogo, haya itapungua.

Tatu: mahali pa wazi, mchana, na mayaya wawili kila mara. Hii haina mjadala. Sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, iko pale, lakini kabla ya sheria kuko dhamiri. Yaya mwanaume hakai peke yake na mtoto msichana, hamwiti nyumbani kwake, hamtumii ujumbe usiku. Hakuna kusema "sisi tunajuana". Watoto wetu wasichana wamepitia mengi mno mu ile milima na lile pori. Wasije kuogopa na kaye pia. Na nyinyi wadada, tunawahitaji zaidi. Msichana wa Pinga akimwona dada yake wa chuo kikuu amekaa naye chini, anamfundisha hesabu, hiyo inajibu maneno mengi ya wanaosema ndoa ya mapema ni bahati.

Ine: hakuna kabila na hakuna upande. Kati ya watoto wako watano, jitahidi wasitoke nyumba za lugha moja. Hamtaongea vita, hamtauliza baba wa mtoto yuko wapi na anashika nini. Mtoto akitaka kusema mwenyewe, sikiliza, usieneze. Kwetu neno moja lililosikika vibaya linaweza kuchoma nyumba.

Tano: usimuahidi mtoto kitu ambacho hutatimiza. Kama una mwezi mmoja, sema mwezi mmoja. Siku ya mwisho aga, uso kwa uso. Hili nimelilipia.

Sisi si wa kwanza. Wanzetu wa Tanzania, mwezi wa kumi na moja 1974, viongozi wao walikutana Musoma wakaamua kila mtoto aingie shule ya msingi kufika mwisho wa 1977. Walimu hawakutosha. Wakachukua vijana waliomaliza darasa la saba wafundishe madarasa ya chini huku wenyewe wakiendelea kujifunza ualimu. Watoto wengi mno walipata shule kwa njia ile. Lakini baadaye Watanzania wenyewe walilalamika kwamba ubora ulishuka, kwa sababu kumpa kijana chaki ni rahisi kuliko kumtayarisha. Tuchukue yote mawili: moyo wao, na onyo lao. Kwa hiyo kabla ya kwenda, tutakaa siku mbili tufundishane, na wale wenu mnaosoma ISP mtatuongoza, kwa sababu ualimu ni kazi yenu.

Na leo, hapo hapo Tanzania, kuko wasichana waliosomeshwa na CAMFED. Wakimaliza sekondari, wengine wanarudi shule za vijijini kuwasindikiza wadogo zao, wanawafundisha namna ya kusoma na kujiamini, wanaenda mpaka nyumbani kwa msichana aliyeacha shule. Hawalipwi mshahara, lakini wanaweza kupata mkopo bila riba waanzishe biashara ndogo. Nimelitaja hili la mkopo kwa makusudi. Kujitolea hakumaanishi kijana afe njaa akitabasamu. Tukiwa na nguvu ya kudai kitu kwa ajili ya mayaya, tudai hata bei ya njia na kaye.

Hapo najua kuko mmoja hapa ana swali, kwa sababu na mimi nilikuwa nalo. Anasema: dada, ukifundisha bure, unamrahisishia nani? Unamrahisishia Leta. Waziri atasema, mnaona, vijana wanajipanga, hakuna shida.

Ni swali la haki. Jibu langu lina sehemu mbili. Ya kwanza: mtoto wa miaka 12 hangoji. Akifika miaka 15 bila kusoma, kuko watu wengine wanamngoja pembeni ya barabara na bunduki ndogo ya kumpatia. Neno "kadogo" tunalijua hapa kwetu, hatukulisoma mu kitabu. Siwezi kumwambia, ngoja kwanza tumalize kudai. Ya pili: yaya anaona. Anajua shule gani haina bati, mwalimu gani hajalipwa, kalasi gani iko na watoto wangapi. Tukiweka hayo ndani ya kaye, vizuri, bila kuongeza, tarehe na hesabu, tutakuwa na cha kupeleka mbele ya wenye madaraka, na hawatatuambia kwamba tumesikia kwa watu. Anayefundisha watoto watano ana haki ya kuuliza juu ya wale wengine 89. Kwa hiyo kufundisha hakutufungi mdomo kudai. Kunatupa ushahidi.

Kuko swali lingine, la tumbo. "Mimi mwenyewe sijala, nifundishe mtoto wa mtu?" Siwezi kulijibu kwa maneno matamu. Kuko siku nilienda Bulengo na chai tu. Ninachosema ni hiki: shomaje ilikuwa inanila kichwa. Kuamka bila mahali pa kwenda, mwaka wa kwanza, wa pili, unaanza kuamini kwamba ulisoma bure. Siku ya posho kulikuwa watoto watano wanaoningoja. Haikunipa pesa. Ilinipa sababu ya kufua shati. Asiye na nguvu hiyo kwa sasa, asijilaumu, ashughulikie tumbo kwanza. Aliye nayo, aanze.

Na la mwisho, usalama. Msiende mahali barabara imekatazwa ao kijiji kinapigwa. Hatutafuti mashujaa wa kuzika. Uliza watu wa pale, uliza shefu wa kijiji, uliza wazazi. Kama kwenu hakufikiki, watoto wa kwenu wako pale ulipo: wako mu familia zilizowapokea, wako nyuma ya soko, wanapasua mawe, wanabeba mizigo, wanasukuma chukudu kupita kimo chao. Tafuta watano.

Kwa hiyo naomba mambo matatu tu kabla hatujatawanyika. Kwanza, anayeweza aandike ndani ya kaye ile pale mbele, si jina lake, aandike mahali atakapokuwa vakansi hii na masaa mangapi kwa wiki, ili tujue wawili wawili wa kuwaunganisha. Pili, tukutane kwa zile siku mbili za kufundishana kabla mtu hajaanza. Tatu, mwanzo wa mwezi wa tisa, shule zikifunguliwa, turudi tuambiane ukweli: nani alibaki, nani aliacha, watoto wangapi wanasoma, nini kilishindikana. Aliyeacha aje pia. Hatutamcheka. Mimi niliacha posho tatu na bado niko mbele yenu.

Wazee wetu wanasema mkono mmoja haulei mwana. Wazazi wamefanya lao, mu vita, mu njia, na mizigo kichwani na mtoto mgongoni. Mwalimu amefanya lake bila mshahara. Mkono unaokosekana ni wa yule mkubwa aliyevuka mto na hakugeuka nyuma.

Mimi nimeanza tena, na watoto watano, huku ninakokaa. Mmoja ni msichana wa miaka 9, siku ya kwanza aliniuliza: "Yaya, utakuja mpaka lini?" Nikamwambia tarehe. Akaiandika ndani ya kaye yake, kwa mkono wake, ili asisahau. Wala mimi nisisahau.